Nani Aliupiga Mpira Uliomuua Jogoo

Kabla sijaandika lolote kuhusu besiboli, niliwahi kuandika kwamba mwanasoka mmoja mstaafu siku hizi "anaishi maisha ya upweke". Nilikuwa nimemkuta ameketi peke yake kwenye benchi nje ya nyumba yake, kofia magotini, akiitazama migomba, nami nikaona upweke. Sikumuuliza. Gazeti letu dogo la kila wiki lilitoka Ijumaa. Jumatatu asubuhi wake zake wawili wakafika ofisini kwetu, Kisii mjini, kila mmoja kwa boda boda yake. Niliambiwa baadaye kwamba ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana juu ya jambo kwa miaka mingi.

"Upweke gani?" aliuliza mke mkubwa. "Mimi niko wapi?"

"Na mimi je?" aliuliza mdogo.

Mhariri wetu aliwapa viti, akaagiza chai, akawaomba radhi kwa niaba ya gazeti na kwa niaba yangu. Walipoondoka aliniita mezani kwake. Huyu bwana alikuwa karani wa mahakama kabla hajaingia kwenye magazeti, na mahakama haikuwahi kumtoka.

"Uliona nini?"

"Mzee amekaa peke yake."

"Basi andika mzee alikuwa amekaa peke yake. Upweke uliutoa wapi?"

Tangu siku hiyo kila habari yangu ilipita mezani kwake kama shahidi anayehojiwa, nami nikawa nikiandika huku nikimsikia sikioni.

Safu yangu ilikuwa ya wachezaji wastaafu: waliokimbia, waliocheza kandanda, akina mama waliotamba kwenye netiboli na sasa wanauza mboga bila mteja kujua anahudumiwa na nani. Niliipenda kazi hiyo. Watu waliotulia wana muda wa kuzungumza. Shida ni kwamba wana pia muda wa kuongeza chumvi, na hakuna mtu wa kuwapinga, maana walioshuhudia wamezeeka au wamehama.

Habari ya besiboli niliipata Ekerenyo, nilipokwenda kumwona shangazi yangu. Nilimsindikiza kupeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia, na pale foleni ilikuwa ndefu. Mbele yetu alisimama mwalimu mstaafu wa hesabu, mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kufika dawati la nyuma. Shangazi alimwambia mimi ndiye yule wa gazeti.

"Bwakire," alinisalimia kwa Kigusii, kisha akahamia Kiswahili, kama wanavyofanya wengi wakisikia mtu anatoka mjini. "Wewe ndiye unaandika wachezaji wazee? Mbona hujaandika besiboli?"

"Besiboli ya Wamarekani, mwalimu?"

"Ya hapa hapa!"

Akanisimulia huku foleni nzima ikisikiliza, na nadhani ilikuwa imekwisha kuisikia, kwa sababu mama mmoja alikuwa akitikisa kichwa kabla mwalimu hajafika mahali pa kutikisa kichwa. Zamani, wakiwa vijana, mwalimu mmoja mgeni kutoka ng'ambo alifundisha katika shule moja upande wa Birongo. Alikuja na mfuko wa mipira na glavu tatu. Gongo walilichonga wenyewe kwa mti wa mkaratusi. Aliwafundisha mchezo huo ambao mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla wapinzani hawajamtoa. Vijana walioupenda waliendelea kuucheza hata baada ya kumaliza shule, na mwaka mmoja timu kutoka Nairobi ikaja kucheza nao kwenye uwanja uliokuwa nyuma ya maduka mjini Kisii. Huyu mwalimu wa hesabu ndiye aliyekuwa nahodha.

"Tulikuwa sare," alisema. "Imebaki zamu moja. Nikashika gongo. Mpira ukaja, nikaupiga. Binti yangu, ulipaa! Ukapita mikaratusi, ukavuka ukuta, ukaanguka kwenye ua wa watu, ukaua kuku. Kuku alikufa papo hapo. Tukashinda."

Niliandika yote. Nilirudi mjini nimejaa furaha, nikachapa kurasa mbili jioni ile ile, na asubuhi nikaziweka mezani kwa mhariri. Alisoma polepole. Akafika mahali, akazungushia neno moja kalamu nyekundu.

"Kuku alikuwa wa nani?"

"Sijui."

"Jogoo au tetea?"

"Mwalimu alisema kuku."

"Una shahidi mmoja," alisema, "na shahidi mwenyewe ndiye anayesifiwa. Nenda kamtafute mwenye kuku."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilimweleza muuza maembe aliye nje ya ofisi yetu kwamba nimesoma chuoni miaka mitatu ili nikatafute kuku aliyekufa kabla sijazaliwa. Akaniuliza kama ningemtafuta akiwa mzima ingekuwa rahisi zaidi.

Uwanja ule haupo tena. Umejengwa. Lakini nyumba za nyuma yake bado ni za familia za wafanyabiashara Waislamu waliokaa mjini vizazi kadhaa, na nyingi zina duka mbele na ua nyuma. Niliuliza duka la kwanza, wakadhani natafuta kuku wa kununua. La pili walinielekeza buchani. La tatu lilikuwa la vitambaa. Mama mwenye duka, mtandio wake wa kijani umefungwa vizuri, alikuwa akimkatia mteja mita nne za pazia. Nilimsalimia, nikasubiri amalize.

"Mama, naomba kukuuliza jambo la ajabu kidogo."

"Uliza, mwanangu. Ya kawaida nayasikia kutwa."

"Zamani, kuna kuku aliyewahi kuuawa na mpira hapa uani?"

Aliweka mkasi chini.

"Jogoo," alisema.

Nusura nimkumbatie.

"Jogoo mweupe," aliendelea, "mkali kama askari. Mimi nilikuwa msichana, kila nikienda kuanika nguo ananifukuza. Siku hiyo niko kwenye kamba, nasikia kitu kinapita hewani, vuuu, halafu pu! Kutazama, jogoo amelala. Kusema kweli, mwanangu, sikulia."

"Mlimla?"

Alinitazama kwa huruma. "Tumle vipi, na amekufa kwa mpira? Hakuchinjwa. Kibudu hicho. Baba alisema wenye mpira waje wamchukue."

"Wakamchukua?"

"Mbio! Nasikia walimpika usiku huo huo, timu nzima, na wale wageni wa Nairobi pia walionja."

Mwalimu hakuwa amenieleza sehemu hiyo. Niliandika kwa haraka. Mama akaniambia baba yake alikasirika sana, akatoka hadi uwanjani, akauliza ni nani aliyepiga. Kijana mmoja mfupi mwenye mabega mapana akajitokeza mbele ya wenzake, akasema, "Ni mimi, mzee." Baba akamkabidhi ufagio, akamwambia afagie ua wote, kuanzia jikoni hadi lango la nyuma.

"Alifagia?"

"Alifagia. Vibaya, lakini alifagia. Mimi ndiye niliyerudia."

Basi habari yangu ilikuwa imethibitishwa, tena ikiwa na utamu zaidi. Nilifunga daftari, nikamshukuru, nikawa nimefika mlangoni wakati mama aliposema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kitu kidogo tu:

"Lakini siye yeye aliyeupiga, unajua."

Nilirudi, nikaketi juu ya robota la vitambaa.

Wiki moja baada ya mechi, alisema, alikuja kijana mwingine, mrefu, mwembamba, ameshika jogoo mzima kwa miguu. Alimshika kwa mkono wa kushoto, na alipoamkuana na baba alichanganyikiwa ampe mkono gani. Alisema, "Mzee, aliyeupiga ule mpira ni mimi. Yule nahodha alijitolea tu kwa sababu aliona nimeogopa." Baba akamchinja yule jogoo na kumlazimisha kijana abaki kwa chakula.

"Aliona haya hata kushika nyama," alisema mama. "Na mpaka leo ana haya vile vile. Hununua vitambaa vyake kwangu. Yuko Kenyenya, alikuwa karani wa serikali, sasa amestaafu."

Kesho yake nilikwenda Kenyenya. Nilimkuta akipalilia maharagwe chini ya migomba, mrefu bado, jembe amelishika kwa mkono wa kushoto. Alinisalimia kwa adabu nyingi, akaniuliza ninatoka kwa nani na nimetumwa na nani.

"Nimetumwa na jogoo mweupe," nilisema.

Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, nikaogopa nimemkosea. Kisha alianza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, na ikambidi aegemee jembe. Alitoa viti viwili, tukaketi kivulini, akanieleza kwa sentensi fupi fupi, kama mtu anayejaza fomu.

Ndiyo, ni yeye aliyeupiga. Hakuwa mpigaji mzuri. Siku nyingine zote alikosa. Alipouona mpira unavuka ukuta alisahau kukimbia, mpaka nahodha akampigia kelele akimbie vituo vyote. Alipomwona mzee wa watu anakuja amekunja uso, miguu ilikataa. Nahodha akapita mbele yake.

"Aliniokoa," alisema. "Alifagia ua kwa ajili yangu. Baadaye watu wakasahau ua, wakakumbuka mpira. Wakawa wanamwuliza, wewe ndiye ulipiga? Angejibu nini? Alikuwa amesema mbele ya watu wote."

"Hukuwahi kutaka kusema ni wewe?"

"Nilisema. Kwa mwenye jogoo. Yeye ndiye niliyekuwa na haja ya kumwambia."

Halafu akaniomba mambo mawili: nisiandike jina lake, na nisimwaibishe mwalimu. Nilimpiga picha moja kwa ruhusa yake, ya mkono wa kushoto tu, ameshika mpini wa jembe kama gongo. Alinionyesha mwenyewe jinsi ya kulishika, akakaa sawa, magoti yakakunjika kidogo, na kwa sekunde mbili hivi sikumwona karani mstaafu hata kidogo.

Njiani kurudi nilijua nimejiingiza pabaya. Nilikuwa na habari tamu kuliko nilivyotarajia, na watu wawili wa kuumiza nikiichapa. Nilimweleza mhariri nikitumaini atasema tuitupe tu, nami nirudi kwa wakimbiaji. Alivua miwani.

"Kunyamaza tunaweza," alisema. "Kudanganya hatuwezi. Ile ya mwalimu kama alivyoisimulia haichapwi, hiyo imekwisha. Lakini nenda kwa mwalimu mwenyewe. Msomee ulichopata. Asikie kwako kabla hajasikia sokoni, na apewe nafasi ya kujibu."

"Na akinifukuza?"

"Utaandika kwamba alikufukuza."

Jumamosi nikawa Ekerenyo tena, sebuleni kwa mwalimu. Mkewe alituletea chai na ndizi za kuchemsha, kisha akabaki amesimama mlangoni na sinia, kama mtu aliyesahau njia ya jikoni. Nilifungua daftari. Nilisoma habari ya jogoo mweupe. Mwalimu akafurahi, akapiga paja. Nilisoma habari ya ufagio, akacheka zaidi. Nilipofika kwa kijana mrefu mwenye jogoo mkononi, kicheko kilikatika. Nilisoma hadi mwisho kwa sauti iliyokuwa ikipungua.

Alikunywa chai yote iliyokuwa kikombeni. Ilikuwa moto sana, niliona macho yake yakijaa machozi, na hadi leo sijui kama ni ya chai.

"Alimpeleka jogoo?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo, mwalimu."

"Hakuniambia."

"Amesema wewe ulimwokoa. Ameomba nisikuaibishe."

Mkewe akapata sauti mlangoni. "Kwa hivyo miaka hii yote, kila Krismasi, wageni wakija, mimi nakaa nasikiliza huo mpira, na si wewe!"

"Nilifagia ua," alisema mwalimu.

"Ua wa nani? Hapa kwako hujawahi kushika ufagio!"

Nilishindwa kujizuia. Nikacheka, mkewe akacheka, na mwisho mwalimu naye akacheka, ingawa alichelewa. Kisha akatulia, akaanza kunieleza, safari hii kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. Mwanzoni, alisema, alikuwa akieleza watu kwamba alijitolea tu. Lakini habari hiyo ilikuwa ndefu, na wanafunzi darasani walitaka ile fupi. Mwaka baada ya mwaka akawa anaifupisha. Siku moja akajikuta hakumbuki tena jinsi mpira ulivyoonekana kutoka pale alipokuwa amesimama hasa, pembeni. Alikumbuka tu jinsi ulivyotoka kwenye gongo, mikononi mwake.

"Nilikuwa nausikia hapa," alisema, akinionyesha viganja. "Kweli kabisa."

Nilimwamini. Nimewahi kuona upweke kwa mtu mwenye wake wawili. Sina haki ya kumshangaa mtu aliyesikia mpira viganjani.

"Andika," aliniambia. "Lakini jina lake liwepo. Bila jina lake watasema nimebuni mtu."

"Amekataa, mwalimu."

"Hajakataa mbele yangu."

Jumanne alipanda boda boda, akashuka, akaunganisha nyingine, akafika Kenyenya. Hawakuwa wamekaa pamoja na kuzungumza kwa muda mrefu sana. Walikuwa wakisalimiana mazishini tu, wakiwa na haraka. Mimi sikuwepo, kwa hiyo siwezi kusimulia walivyoonana. Kila mmoja alinieleza kivyake, na maelezo yanapishana. Mwalimu anasema walikumbatiana. Karani anasema walipeana mikono, kisha mwalimu akataka kujua jogoo yule wa pili alikuwa wa rangi gani, na kama alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Jioni mwalimu alinipigia simu. "Amekubali. Andika jina."

Nilimshukuru, nikakata, kisha nikampigia karani mwenyewe. Mhariri alikuwa ameketi meza ya pili akijifanya anasoma.

"Shikamoo, mzee. Mwalimu ameniambia umekubali jina lako litumike. Ni kweli?"

"Marahaba. Ni kweli." Akaongeza: "Ameniambia nisipokubali atabaki hapa kwangu mpaka nikubali, na ameshakula mara mbili."

"Mzee, ikiwa umelazimishwa, sitaandika."

Nilisikia tena ule mcheko wake usio na sauti, pumzi tu kwenye simu. "Hapana, binti yangu. Andika. Nilikuwa sijui kwamba hata yeye amechoka na hadithi hiyo."

Ilichapwa Ijumaa, ukurasa wa nyuma, na picha ya mkono wa kushoto. Kabla ya hapo nilimsomea mama wa vitambaa sehemu yake kwenye simu. Alisahihisha jambo moja. Nilikuwa nimeandika kwamba baba yake alikuwa "mwenye hasira". Alisema andika alikuwa amekasirika siku ile; watu wasije wakadhani ndivyo alivyokuwa kila siku, maana alikuwa mtu mpole. Nilibadilisha. Ningekuwa mimi wa mwaka uliotangulia, nisingemsomea kabisa.

Wasomaji walipiga simu kwa wingi kuliko walivyofanya kwa mwanasoka yeyote. Wawili walisema walikuwepo na walimla yule kibudu. Mmoja alidai alikuwa mgeni wa Nairobi, na kwamba mpira ulikuwa nje ya mstari, haukustahili kuhesabiwa; mhariri alichukua namba yake na kunipa mimi, akitabasamu, na bado ninaye kwenye orodha ya watu wa kuhoji. Mwalimu alipoteza heshima kidogo, kwa siku chache. Kwenye foleni ya majani chai, shangazi aliniambia, walimtania hadi akahama kituo kwa wiki nzima. Kisha akarudi, na wakamtaka asimulie upya. Mkewe alimletea ufagio mpya kutoka sokoni.

Wiki ya pili alikuja mwanamke mmoja ofisini, wa rika langu, amevaa suti ya kazini na viatu vyenye vumbi la Kenyenya. Alijitambulisha kuwa binti wa karani. Alisema baba yao hakuwahi kutaja besiboli nyumbani, hata mara moja. Alilisoma gazeti kazini, mwenzake akiwa amemwekea mezani, akadhani ni mtu mwingine mwenye jina la baba. Alipomuuliza, mzee aliondoka kwenda kuangalia ng'ombe. Lakini siku mbili baadaye alimkuta nyuma ya nyumba na mjukuu, amemsimamisha sawa, anamwonyesha jinsi ya kukunja magoti, fimbo ya kuchungia ikiwa gongo na parachichi bichi ndilo mpira.

"Parachichi lilivunja dirisha la choo," alisema. "Mimi nilitaka kukasirika. Nikamtazama baba."

Aliniomba ile picha ya mkono. Nilimtumia kwa simu akiwa bado amesimama hapo. Aliitazama, akaivuta iwe kubwa, akaniuliza ni nani aliyemwambia ashike vile.

Nikamwambia hakuna aliyemwambia.